Fito za bani la tumbaku sebuleni: ushauri kwa anayetaka kuanza

Wengi wanaoniuliza kuhusu samani za mapambo zenye asili ya tumbaku huanza na jani, wakitaka lichongwe kwenye mlango wa kabati au lichorwe kwenye mto wa kochi. Huwa nawashauri waachane na jani, kwa sababu jani liliuzwa lote na kuondoka na marobota, ilhali kumbukumbu ya kazi yenyewe ilibaki shambani katika fito za kutundikia majani, kamba, majafafa (magunia ya kufungia tumbaku) na mabati ya mabani, yaani mabanda ya kukaushia tumbaku, yaliyokwisha kuanguka.

Mimi hutumia zaidi fito za mabani ya Urambo, mkoani Tabora. Huko hulimwa tumbaku ya mvuke, ambayo moto wake huwashwa kwenye tanuru, na joto likapita ndani ya bani kwa mabomba ya bati bila moshi kuyagusa majani. Ndiyo maana fito zake huwa na rangi ya kahawia iliyoiva, si nyeusi. Fito za tumbaku ya moshi, kama ile ya Songea na Namtumbo, hukaa juu ya moto wenyewe msimu baada ya msimu, nazo huwa nyeusi kabisa na harufu yake haiishi upesi. Usizichanganye katika kitu kimoja, kwani macho yataona kasoro hata kama mtazamaji hajui sababu yake.

Chukua mabaki ya bani lililoanguka au lililoachwa, tena kwa ruhusa ya mwenyewe. Ukimshawishi mkulima anayeendelea kulima akuuzie fito zake, msimu ujao ataingia porini kukata nyingine, na miti ya miombo imekwisha kupungua vya kutosha kwa kuni za kukaushia tumbaku. Jihadhari pia na muuzaji anayedai kwamba fito zake ni za bani la Urambo la enzi za Mjerumani. Kilimo cha tumbaku ya mvuke kilishika mizizi Urambo katika miaka ya 1950, baada ya mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947, kushindwa na kufutwa mwaka 1951. Hadithi hiyo ya muuzaji hupandisha bei tu.

Kazi ambayo watu huiruka, na ambayo mimi pia niliiruka mwanzoni, ni kuosha. Jani bichi la tumbaku huacha gundi nyeusi inayonata mikononi mwa mchumaji, na gundi hiyohiyo huganda kwenye ufito. Kitu changu cha kwanza kilikuwa ubao wa kichwani mwa kitanda cha ndugu yangu, nao ulipendeza sana wakati wa kiangazi. Mvua za Novemba zilipoanza, fito zilivuta unyevu, gundi ikalainika, na foronya nyeupe zikapata michirizi ya rangi ya chai. Tangu hapo huziosha kwa maji ya moto, sabuni na brashi ngumu, nikirudia mpaka maji yatoke meupe, kisha huzianika kivulini zisipinde. Vaa glavu, kwa kuwa nikotini hupenya kwenye ngozi iliyolowa. Kwa sababu hiyohiyo sitengenezi kitanda cha mtoto wala sinia la chakula kwa fito hizi, hata nikilipwa vizuri. Ufito wenye vitundu vya wadudu vinavyomwaga unga mpya usiuingize ndani ya nyumba.

Kuhusu msasa, tumia ule laini, tena kwa mkono mwepesi. Ukiutazama ufito wa zamani kwa karibu utaona mikwaruzo myembamba pale kamba ilipopita huku na huku kufunga majani, na ukiisugua yote utabaki na mti mweupe usio na lolote la kusema. Mimi hufuta vibanzi tu, nikapaka vanishi isiyong'aa mara mbili.

Majafafa yanafaa kwa mito ya viti, mradi uyafue na kuyashonea bitana ndani ili yasiwashe. Bati la mabomba ya joto hulitoboa kwa msumari nikatengeneza kivuli cha taa, ingawa kutu yake imewahi kunishinda.

Ninachokipenda zaidi ni kiambaza cha kugawa sebule, chenye fito zilizolazwa kwa ngazi kama zilivyokaa ndani ya bani. Cha kwanza nilizibananisha ili kisipitishe macho. Mzee mmoja aliyelima tumbaku miaka mingi alikuja kukitazama, akapitisha vidole kati ya fito, kisha akaniuliza, "Mwanangu, umezisonga hivi kwa nini? Majani yangeoza yote." Cha pili nilikiachia nafasi ya kiganja kati ya ufito na ufito.