Nyumba Yako, Maswali Yako: ukuta unaotoa chumvi, plafo (dari) refu, jiko la ndani

Tumenunua nyumba ya matofali ya zamani ya BCK, kampuni ya reli ya wakati wa ukoloni, karibu na stesheni ya Lubumbashi. Tangu mvua za Desemba plasta ya salon inabanduka hadi usawa wa goti na kuacha unga mweupe. Fundi aliyepiga simenti mwaka jana sasa anataka kubandika vigae hadi mita moja. Tumruhusu? – Mama M.

Hapana, Mama. Hiyo simenti ndiyo sehemu ya ugonjwa. Tofali la kuchoma hunywa maji ya ardhini, na zamani maji hayo yalitoka taratibu kupitia chokaa. Yakizibwa kwa simenti hupanda kutafuta pa kutokea. Vigae vitayapandisha zaidi, na mtakuja kuiona chumvi kwenye kimo cha swichi. Unga huo ni chumvi inayobaki maji yakikauka. Ikiganda nyuma ya plasta huisukuma hadi ianguke.

Anzeni nje. Katika parseli (viwanja) za zamani udongo huongezeka mwaka hadi mwaka, kwa bustani, kifusi na barza zilizopanuliwa, mpaka ukaipita sakafu ya ndani. Uchimbeni uwe sentimita 15 hadi 20 chini ya sakafu, kwa upana wa sentimita 30 hivi, na uinamie mbali na nyumba. Mkikuta matundu ya hewa yamefukiwa, yafungueni na kuyawekea wavu wa panya. Kisha mvua ikinyesha simameni nje mtazame mabomba ya paa: moja tu likimwaga mguuni pa ukuta, kazi yote ya ndani ni bure.

Ndani, bandueni simenti hadi sentimita 30 hivi juu ya alama ya unyevu, kwa patasi na nyundo nyepesi. Mashine hung'oa uso wa tofali ulioiva motoni, na tofali lililochunwa hunywa maji zaidi. Chumvi ipigwe brashi kavu na kuzolewa. Mkiiosha kwa maji inarudi ndani. Halafu ni kungoja, na hapo ndipo wengi hushindwa. Kadiria mwezi mmoja kwa kila sentimita 2.5 za unene: ukuta wa tofali moja na nusu, sentimita 33, unataka zaidi ya mwaka. Ishini na tofali wazi kwanza. Sebuleni halichukizi hata kidogo.

Plasta mpya iwe chokaa 1 kwa mchanga mkali uliooshwa 3. Tabaka la kwanza milimita 10 hadi 12, la pili 8, la mwisho 3. Kati ya tabaka na tabaka acheni wiki moja au zaidi, na kila moja linyunyiziwe maji kwa siku kadhaa, maana chokaa ikikaushwa na upepo hupasuka. Mkinunua chokaa hai (ambayo haijazimwa kwa maji), itieni ndani ya maji, kamwe msimwage maji juu yake: huchemka na kuruka. Vaeni miwani na glavu. Mwishoni pakeni rangi ya chokaa. Rangi ya plastiki itawarudisha mlikotoka.

Plafo letu liko mita 3.60. Tunataka kulishusha hadi 2.50 kwa PVC ili tuweke taa za kuzamisha. – Papa K.

Chini ya mabati, urefu huo ndio kiyoyozi chenu. Joto hupanda na kutokea kwenye matundu yaliyo juu ya madirisha. Plafo jipya litayaficha matundu hayo na kuwaachia joto kichwani. Shusheni korido na bafu tu, na nafasi ya juu iwe ghala la masanduku. Kwenye salon ning'inizeni taa kwa waya, sentimita 75 juu ya meza. Kwa baridi ya usiku wa Juni na Julai, pazia zito linalofika sakafuni husaidia vya kutosha.

Kabla ya kugusa chochote, tazameni plafo lenyewe. Kama ni mbao ngumu za kijivu za simenti yenye nyuzi, huenda zina asbesto, nyuzi za madini ambazo vumbi lake hudhuru mapafu. Msizikate, msizitoboe, msizifagie. Zikiwa nzima, zipakeni rangi na kuziacha. Zikiwa zimevunjika, mwiteni mtu mwenye vifaa vya kazi hiyo.

Tubomoe ukuta kati ya jiko na salon? – Mama T.

Pandeni kwanza darini. Kama miti ya paa imelala juu ya ukuta huo, ndio unaobeba paa. Hapo fungueni mita 1.80 tu, boriti ya juu ya uwazi (linta) ikae sentimita 20 ndani ya ukuta kila upande, na nguzo za muda ziwekwe kabla ya tofali la kwanza kutoka. Lakini umeme ukikatika mnapikia wapi? Kama jibu ni mbabula, yaani jiko la makala (makaa), acheni ukuta na mlango wake. Makala hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na jiko wazi litaileta hadi vyumba vya kulala. Ijengeeni mbabula kibanda nyuma, chenye paa na kuta mbili tu, na jiko la ndani libaki la umeme au gesi.