Taira, Heike, Heishi: ni watu watatu au ukoo mmoja?

Swali: Shikamoo mwalimu. Natafsiri kutoka Kiingereza makala ya historia ya Japani kwa ajili ya wanafunzi wangu wa sekondari. Ukurasa mmoja unasema "the Taira", wa pili "the Heike", mbele kidogo "the Heishi". Nimeandika: "Mwaka 1185 Heike alishindwa na Minamoto huko Dan-no-ura, na Taira naye akaangamia." Mwenzangu anasema nimekosea. Je, niandike Wataira? Na hilo "no" la Taira no Kiyomori, kiongozi wao, nilifanyeje?

Jibu: Marahaba. Mwenzako yuko sahihi, ila naona vizuri ulipoteleza. Kiingereza hakiongezi alama ya wingi kwenye majina haya, kinatanguliza "the" tu. Kwetu hakuna neno la namna hiyo, kwa hiyo ulipolidondosha, ukoo mzima ukabaki na sura ya mtu mmoja: Heike alishindwa, Taira akaangamia. Msomaji wako atadhani ni majemadari wawili.

Ni jina moja. Huandikwa kwa herufi 平, yenye maana ya tambarare, sawasawa, tulivu. Herufi hiyo Wajapani huisoma kwa njia mbili: kwa neno lao la asili husema *taira*, na kwa matamshi yaliyotoka Uchina husema *hei*. Jambo hili lisikushangaze. Chukua tarakimu 9: wewe utasoma "tisa", neno tulilolipata kwa Waarabu, na bibi yako huenda akasoma "kenda", neno la Kibantu. Tarakimu haijabadilika. Basi ukiweka *ke*, yaani nyumba, baada ya *hei*, unapata Heike. Ukiweka *shi*, yaani ukoo, unapata Heishi. Wapinzani wao nao wana hali hiyohiyo. Minamoto ni chimbuko la maji, na herufi yake husomwa pia *gen*. Ndipo likaja Genji, yaani *gen* na *shi*, ila sh ikageuka j. Vita vyao vya 1180 hadi 1185 huitwa vya Genpei, yaani Gen na Hei vimeunganishwa, na h ikageuka p.

Sasa "ukoo wa Heike", msemo ambao Kiingereza nacho huupenda. Ukichambua, umesema "ukoo wa nyumba ya Taira". Mimi silifuti. Sisi wenyewe husema "ukoo wa Bani Hashim", na *bani* tayari ni wana wa fulani, wala hakuna aliyepotea njia kwa ajili hiyo.

Wataira? Sarufi inaruhusu. Tunao Wamazrui wa Mombasa na Wanabahani wa Pate, na hizo ni koo zilizotawala. Lakini hao msomaji anawajua. Akikutana na Wataira kwa mara ya kwanza atadhani ni kabila, kama Wahehe, na hapo utakuwa umempa kitu ambacho Japani hakikuwepo. Nashauri *akina Taira*. Neno hili *akina* ni hazina, na inaniuma kuona wafasiri wanalisahau kwa sababu tu Kiingereza hakina mfano wake. Linabeba watu na uhusiano wao kwa pamoja, na upatanisho wake ni wa watu wengi: akina Taira walishindwa. Angalia tu lisikuchanganye na jina la mtu: akina Kiyomori ni Kiyomori na wenzake, si ukoo wake wote.

Na usiandike kwamba akina Taira wote waliangamia, kwa maana hapo utakuwa umekosea historia, si lugha tu. Jina Taira walipewa wajukuu wa wafalme walioondolewa katika familia ya kifalme, kuanzia karne ya 9, na likaenea milango mingi. Minamoto no Yoritomo, mshindi wa vita hivyo, alimwoa Hojo Masako, na akina Hojo walijitaja kuwa wa nasaba ya Taira! Walioanguka Dan-no-ura ni nyumba ya Kiyomori, na hao ndio hasa wanaoitwa Heike. Kiyomori mwenyewe alikuwa amekwisha kufa, 1181. Aliyezama baharini siku ile ni mjukuu wake, mfalme Antoku, mtoto mdogo tu. Kwa hiyo kwenye habari za vita Heike ni jina zuri kuliko Taira, mradi ulieleze mara moja.

Hilo "no" ni kihusishi, kazi yake ni ile ya *-a* yetu, ila mwenye mali hutangulia: Taira no Kiyomori ni Kiyomori wa akina Taira. Si jina la kati, kwa hiyo liandike kwa herufi ndogo na ulibakize. Hata katika Dan-no-ura limo. Lakini usilitie kila mahali: huandamana na majina ya koo za kale kama Taira, Minamoto na Fujiwara. Tokugawa Ieyasu, mtawala wa karne za baadaye, hana, na Hojo Masako ndivyo anavyoandikwa kwa kawaida.

Ukimtaja mara ya pili, sema Kiyomori, usiseme Taira. Vitabu vya Kiingereza hufanya hivyo, nasi ndiyo desturi yetu: mtu huitwa kwa jina lake.

Katika kusoma darasani, wanafunzi wako wana bahati. Taira ni ta-i-ra, kila irabu isikike. Genji ina g ya "genge". Heike na Heishi tu ndiyo huvutwa, karibu na "heeke" na "heeshi".

Sentensi yako ningeiandika hivi: "Mwaka 1185 Heike, yaani nyumba ya Kiyomori katika ukoo wa Taira, walishindwa na akina Minamoto katika vita vya baharini vya Dan-no-ura."