Mirathi Tukuyu, ukaazi Marekani: mama afanyeje?

SWALI: Ndugu Mhariri, mama yetu ana ukaazi wa kudumu nchini Marekani, alioombewa na kaka yangu ambaye ni raia wa huko. Alirudi Tukuyu kumzika baba, kikao cha ukoo kikampendekeza awe msimamizi wa mirathi, na Mahakama ya Mwanzo ikamthibitisha. Sasa ametimiza miezi 8 na shauri halijafungwa. Jirani mmoja anasema kadi yake ya ukaazi (green card) hufa baada ya miezi 6 nje ya Marekani; mwingine anasema kadi ni ya miaka 10, hivyo asiwe na haraka. Nani mkweli? Na je, mama bado ni Mtanzania?
Msomaji, Rungwe

JIBU: Poleni sana kwa msiba. Majirani wote wawili wamekosea, lakini ushauri wa yule wa pili ndio unaoweza kuwatia hasarani. Tarehe iliyochapwa kwenye kadi inahusu kadi yenyewe. Haki ya ukaazi inategemea kama makao ya mama bado yako Marekani na huku ametoka kwa muda tu. Miezi 6 nayo si ukomo: aliyekaa nje mfululizo kwa zaidi ya siku 180 huhesabiwa mpakani kama anayeomba kuingia upya, kwa hiyo huhojiwa kwa kina, ingawa kadi yake bado hupokelewa. Mpaka unaowahusu ninyi ni mwaka 1, kwa kuwa akishaufikisha akiwa nje, kadi peke yake haimrudishi tena.

Kipo kibali cha kurejea, kinachoweza kutolewa kwa muda wa hadi miaka 2, lakini ombi lake huwasilishwa mwombaji akiwa ndani ya Marekani (na nani hukumbuka fomu siku anapopigiwa simu ya msiba?). Mwaka ukipita, itabaki viza ya mkaazi anayerejea, ambayo huombwa ubalozini kwa kuthibitisha kwamba aliondoka akiwa na nia ya kurudi na kwamba kilichomchelewesha kilikuwa nje ya uwezo wake. Ugonjwa mzito unaweza kueleweka; shauri la mirathi ambalo mtoto mwingine angeweza kulifuatilia, sioni likiteteeka kwa urahisi.

Kwa hiyo, arudi kabla ya mwaka kutimia, hata kama mirathi haijakamilika. Msimamizi hutakiwa kuwasilisha orodha ya mali na hesabu za mirathi ndani ya miezi 4 tangu kuteuliwa. Kama muda huo umepita, waoneni wahusika mahakamani mapema, mkaulize pia utaratibu wa kumpisha mwanafamilia mwingine. Asafiri na cheti cha kifo, muhtasari wa kikao cha ukoo na barua ya usimamizi yenye muhuri wa mahakama, pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya kila karatasi iliyoandikwa kwa Kiswahili, kwa sababu tarehe zilizomo ndizo zitakazoonyesha kwamba safari ilikuwa na sababu inayoeleweka. Kaka naye akusanye ushahidi wa makazi ya mama, akaunti yake ya benki na ritani zake za kodi.

Akiwekewa mbele fomu I-407 uwanjani, asiisaini kwa hofu. Hiyo ni fomu ya kuuachia ukaazi kwa hiari, na anayekataa kuisaini ana haki ya kusikilizwa na jaji wa uhamiaji.

Kuhusu uraia, ondoeni shaka: ukaazi wa kudumu haumvui mtu Utanzania wala pasipoti yake. Sheria ya Uraia, Sura ya 357, humwondolea uraia mtu mzima anayechukua kwa hiari uraia wa nchi nyingine. Iwapo siku moja atataka ule wa Marekani, ambao kwa kawaida huombwa baada ya miaka 5 ya ukaazi, safari hii ya zaidi ya miezi 6 itachukuliwa kuwa imekatiza mfululizo wa ukaazi wake, isipokuwa athibitishe vinginevyo.