Moto msituni: maswali yenu manne

Nasikia Wamarekani waliiacha hifadhi yao ya Yellowstone iungue makusudi. Kweli jamani? (Msomaji, Dodoma)

Nusu kweli. Tangu 1972 hifadhi hiyo ilikuwa na utaratibu wa kuuacha moto wa radi uwake hadi uishe, mradi hautishii watu wala majengo. Mwaka 1988 kiangazi kikawa kikali mno. Mwezi Julai wakabadili msimamo na kuanza kuzima kila moto, lakini walikuwa wamechelewa. Zaidi ya theluthi moja ya hifadhi ilipitiwa na moto, na kilichouvunja nguvu hasa ni mvua na theluji za Septemba. Ila moja ya mioto mikubwa kuliko yote, North Fork, haikuletwa na radi. Ilitokana na kipande cha sigara cha wakata kuni nje ya hifadhi, na ilipambanwa nayo tangu mwanzo.

Msitu wenyewe haukufa. Misonobari mingi ya kule ina koni (vifuko vigumu vya mbegu) zilizozibwa kwa utomvu. Joto la moto huufungua na mbegu humwagika juu ya majivu.

Je, na miombo yetu inahitaji moto? (Msomaji, Tabora)

Inauvumilia, na hapo ndipo watu wanapojichanganya. Mche wa mninga hukauka juu ya ardhi kila kiangazi kwa miaka kadhaa huku mzizi ukinenepa chini, hadi mwaka unaopata nguvu ya kuchipua kwa kasi. Mti wa namna hiyo umezoea kuunguzwa. Lakini ukiunguzwa vikali kila mwaka, hautafika popote.

Ushahidi mzuri uko kwa majirani zetu, Ndola, Zambia, ambako majaribio yalianza 1933. Viwanja vilivyochomwa kila mwaka mwishoni mwa kiangazi viliishia kuwa karibu nyasi tupu. Vilivyochomwa mapema vilibaki na miti yake. Vilivyolindwa kabisa vilifunga msitu mzito.

Ndiyo maana maofisa misitu husisitiza kuchoma mapema. Mwezi Mei au Juni nyasi bado zina ubichi, ndimi za moto ni fupi, na umande wa usiku mara nyingi huuzima. Oktoba ule ule moto ni moto kichaa. Radi nayo huwasha, hasa mvua za kwanza zinapokaribia, lakini moto mwingi wa miombo huwashwa na sisi: wawindaji, warina asali, wafugaji wanaotaka majani mapya. Tusiisingizie mbingu.

Kwa nini Kilimanjaro mwaka 2020 hawakuuacha uwake tu? (Msomaji, Moshi)

Kwa sababu Kilimanjaro si Yellowstone wala Tabora. Mamia ya watu walipanda kuuzima ule moto wa Oktoba, na walifanya sawa. Miti ya erika kule juu hunasa maji ya ukungu yanayolisha vijito. Moto ukirudi mara kwa mara, miti hugeuka vichaka na mpaka wa msitu hushuka. Wachagga wanaotegemea mifereji wanalijua deni hilo.

Nina ekari kadhaa za paini Mufindi. Nichome nyasi chini yake mapema? (Msomaji, Mafinga)

Usithubutu, paini changa haina gome la kuihimili. Lima njia ya kuzuia moto kuzunguka shamba mvua zikiisha, na ukubaliane na jirani yako siku anayochoma mabua yake.