Uso Uliochorwa Sawasawa Bado Hausemi Kitu: Maswali Yenu Kuhusu Rangi za Mafuta

Nimepima kila kitu, macho yako mahali pake, pua iko sawa, lakini picha yangu inafanana na ya kitambulisho. Nimekosea wapi?

Vipimo havina kosa. Kosa ni kwamba umekipa kila kitu uzito uleule: kope, kifungo cha shati na ukingo wa sikio vyote vimechorwa kwa ukali mmoja. Wengi huamini hisia hukaa machoni. Hebu ziba macho na mdomo wa picha yako kwa vidole. Je, shingo, taya na mabega bado vinakuonyesha mtu aliyechoka, au mwenye furaha? Kama havionyeshi, macho hayataiokoa.

Tazama picha ambazo Rembrandt, mchoraji wa Uholanzi, alijichora uzeeni. Paji la uso na pua vimejaa rangi nzito inayoshika mwanga, nguo zimeachiwa giza. Aliamua nini kisemwe na nini kinyamaze. Nawe amua hivyo kabla hujashika brashi. Finya macho umtazame mtu wako mpaka ubaki na mafungu mawili au matatu tu ya mwanga na kivuli, uanze na hayo. Shavu la upande wa kivuli liache liyeyukie katika rangi ya nyuma yake: pitisha brashi laini, kavu, mara moja tu.

Rangi zangu usoni hugeuka matope. Kwa nini?

Kwa sababu unasugua. Weka mguso, inua brashi, ifute kwa kitambaa, ndipo uweke mwingine. Mguso ukikosea, ukwangue kwa kisu. Usiurekebishe kwa kuupaka tena na tena. Mdomo wa shangazi yangu niliukwangua mara nne. Mara ya nne kikabaki kivuli hafifu cha wekundu kwenye nyuzi za turubai, nikarudi nyuma hatua tatu, nikamwona yeye kabisa, vile anavyobana midomo kabla ya kujibu. Sikuugusa tena.

Ninunue rangi gani za ngozi?

Usinunue tyubu iliyoandikwa "rangi ya ngozi". Mchoraji wa Uswidi, Anders Zorn, anajulikana kwa rangi nne: nyeupe, njano ya udongo, nyekundu na nyeusi. Ukichanganya nyeusi na nyeupe, kijivu kinachopatikana huonekana cha buluu kikikaa karibu na rangi za joto, kama nyekundu na njano, na hicho kinatosha kwa vivuli vingi. Kwa ngozi nyeusi, tafadhali usikimbilie tyubu nyeusi. Angalia paji la uso karibu na dirisha: pale panapong'aa mara nyingi pana ubuluu wa mbingu, na chini ya kidevu pana wekundu mzito. Ngozi hiyo ina rangi nyingi, na inaumiza kuiona imepakwa kahawia moja.

Nisubiri siku ngapi kabla ya tabaka la pili?

Rangi hizi hazikauki kwa kupoteza maji. Mafuta hushika oksijeni ya hewani yakaganda taratibu, kwa hiyo rangi ya amba, kahawia ya udongo, huwahi na nyingine huchelewa. Tabaka la chini liwe na mafuta machache, la juu mengi zaidi, la sivyo picha itapasuka. Vanishi ya mwisho isubiri miezi 6 hadi 12.

Matambara ya kufutia nayaweka wapi?

Kamwe usiyarundike. Yenye mafuta ya kitani, yale yaliyomo kwenye rangi, hupata joto yakikauka na yanaweza kuwaka yenyewe. Yatandaze nje moja moja, au yaloweke majini ndani ya kopo la chuma lenye mfuniko.

Sina mtu wa kunikalia nimchore. Nifanyeje?

Unacho kioo. Van Gogh, akikosa pesa za kulipa wa kumkalia, alijichora zaidi ya mara 30. Weka taa upande mmoja wa uso, chukua brashi pana kuliko unayoipenda, fanya kazi dakika 40, kisha kwangua yote. Kesho anza tena na taa upande wa pili.