Sanduku la Wasomaji: Kuchagua vitabu vya mwaka

Mhariri, salaam. Mwaka huu nimesoma vitabu zaidi ya 30, vingi nikiwa kwenye matatu kati ya Umoja na mjini. Wenzangu wananiuliza vitano nilivyovipenda, nami nakumbuka vya Oktoba na Novemba tu. Vya Februari vimefutika kabisa. Mwaka ujao nifanyeje? — Msomaji, Umoja

Kumbukumbu yako ni nzima, msomaji wetu. Yeyote anayechagua kwa kichwa mwezi wa Desemba huvipendelea vitabu vya karibu, na vya mwanzo wa mwaka huonewa bila kosa. Dawa ni daftari. Lakini lisiwe na madoido, kwa sababu ukurasa unaodai mengi hautajazwa ifikapo Machi.

Chukua daftari la kawaida la kurasa 96 na ukipe kila kitabu ukurasa mmoja. Juu andika jina la kitabu, mwandishi, mchapishaji, mwaka kilipotoka mara ya kwanza, mwaka wa nakala uliyo nayo, na tarehe ulizoanza na kumaliza. Chini yake weka mambo matatu: jambo lililokushika na nambari ya ukurasa wake, jambo lililokukera, na sentensi moja ya mwandishi uliyoinakili neno kwa neno. Hiyo sentensi ndiyo itakayokurudishia kitabu miezi kumi baadaye. Maneno kama "nzuri sana, inasisimua" hayarudishi chochote, maana yanafaa kitabu chochote kile.

Kwenye matatu huwezi kuandika vizuri, na si lazima. Tia nukta ndogo ya penseli pembeni mwa mstari, kisha jioni uuhamishie daftarini. Ila usifungue kitabu kingine kabla hujaandika. Ukimaliza riwaya mbili mfululizo bila kuandika, wahusika wa ya kwanza huhamia ya pili, na hapo ndipo kusahau kunapoanzia.

Sasa alama. Usitoe siku unayomaliza. Mwisho mtamu huosha makosa ya kurasa 200 za katikati, nawe unatoa tisa kwa kumi ukiwa bado na machozi. Acha nafasi tupu, urudi baada ya wiki sita. Kabla ya kukifungua kitabu, andika jina la mhusika mkuu, mahali anapoishi, na tukio moja la katikati. Mwanzo na mwisho hukumbukwa hata katika kitabu dhaifu, kwa hiyo katikati ndiko kunakopima. Toa alama yako baada ya hapo. Diwani ya mashairi haipimwi hivi kwa kuwa haina tukio la kushika: jiulize kama una ubeti mmoja kichwani.

Desemba ikifika, vitoe vilivyopata nane kwenda juu na ufungue kila kimoja pale ulipotia nukta. Soma kurasa kumi. Ukijikuta umeingia ya kumi na moja bila kujua, kitabu hicho kimeingia kwenye orodha.

Mhariri, kikundi chetu cha kusoma kimegombana. Tumesoma *Peponi* ya Abdulrazak Gurnah. Mmoja anasema ni kitabu cha 1994, mwingine anasema cha 2022. Je, kinaweza kuwa kitabu chetu cha mwaka? — Msomaji, South B

Wote wawili wana haki. Riwaya yenyewe ilitoka kwa Kiingereza mwaka 1994. Tafsiri ya Kiswahili, kazi ya Ida Hadjivayanis, ilichapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 2022, baada ya mwandishi kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Sisi tunahesabu mwaka wa tafsiri, na tunaomba jina la mtafsiri liandikwe kando ya la mwandishi. Kila sentensi mliyoipenda katika *Peponi* iliamuliwa na mkono wake.

Kwa vitabu vingine, fungueni ukurasa wa hakimiliki, ule ulio nyuma ya ukurasa wa jina. Tafuteni maneno "toleo la kwanza" au "kimechapishwa kwa mara ya kwanza". Miaka inayofuata hapo mara nyingi ni ya kuchapishwa tena tu, na haibadilishi umri wa kitabu. *Kusadikika* ya Shaaban Robert ilitoka mwaka 1951, hata kama nakala iliyo dukani inanukia wino.

Kisha tenganisheni orodha mbili. "Tulivyovipenda mwaka huu" inapokea kitabu cha umri wowote. "Vitabu bora vya mwaka" inahitaji kwanza msome vilivyotoka mwaka huo. Kama mmesoma vinne tu, andikeni "tulichokipenda kati ya vinne". Msomaji wa orodha yenu ana haki ya kujua mlichagua kutoka kapu la ukubwa gani.

Nilifanya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, mwaka 2015. Juzi nimesoma upya *Kidagaa Kimemwozea* na nimekipenda kupita vyote vya mwaka huu, ila naona haya kuweka kitabu cha shule kwenye orodha. — Msomaji, Kasarani

Dada au kaka, kiweke cha kwanza. Wakenya wengi walikutana na riwaya ya Kiswahili darasani, wakafanya mtihani, wakaachana nayo. Riwaya hii ya marehemu Ken Walibora ilitahiniwa kuanzia 2013 hadi 2017, na wengi walioisoma miaka hiyo hawajawahi kuisoma kwa ajili ya raha. Hasara hiyo ni kubwa.

Mtihani ulitufundisha kuikata riwaya vipande: tashbihi hapa, kinaya pale, sifa tano za Mtemi Nasaba Bora. Kwa alama za mtihani njia hiyo inafaa. Tatizo ni kwamba jicho lililozoea kuwinda mbinu huruka hadithi. Angalia wizi wa mswada ndani ya riwaya hii. Mtahiniwa anaandika "Majisifu alimwibia Amani mswada", anapata alama yake na kusonga mbele. Asiye na mtihani anasimama, kwa sababu mswada ulioibwa una jina lilelile la kitabu alichoshika mkononi. Funga kitabu dakika moja, uangalie jalada, kisha uendelee. Hapo ndipo riwaya inapokuingia.

Anayetaka kukirudia kitabu alichofanyia mtihani atafute nakala safi, isiyo na mistari ya kalamu ya mtu mwingine. Mstari wa mwanafunzi wa jana unakuelekeza usome alichosoma yeye. Vitabu visivyotahiniwa tena ni vingi kwa wauza mitumba wa katikati ya jiji, na bei hushuka, lakini kagua kabla ya kulipa. Kwanza, soma jalada lote: "Mwongozo wa" huandikwa kwa herufi ndogo juu ya jina kubwa, na watu hurudi nyumbani na mwongozo wakidhani wamepata riwaya. Pili, vitabu vingi hufungwa kwa mafungu ya kurasa 16, na fungu zima likidondoka kitabu bado huonekana kizima. Kagua nambari za kurasa karibu na 16, 32, 48, 64, kuendelea hivyo hadi mwisho. Tatu, picha ya jalada ikiwa na ukungu, maandishi yamepinda ukurasani na wino unafifia kila baada ya kurasa chache, hiyo ni nakala ya wizi. Iache. Mwandishi hapati hata senti kwayo, na gundi yake huachia haraka.

Ukurasa ukichanika usiubandike kwa selotepu. Baada ya miaka michache hugeuka njano na kuacha doa lisilotoka. Tumia kipande cha karatasi nyembamba na gundi ya unga wa ngano, kisha uweke kitabu chini ya vingine vizito usiku kucha.

Je, kitabu nilichoacha katikati kinahesabiwa? — Msomaji, Kayole

Kwenye hesabu, hapana. Kwenye daftari, ndiyo: andika ukurasa ulioachia na sababu. Ukikuta umeacha vitatu kwa sababu ileile, mathalan mazungumzo marefu yasiyo na tendo, umeshajua cha kuepuka dukani.

Nimesoma *Nagona* ya Euphrase Kezilahabi mara mbili na bado sielewi. Inanivuta lakini siwezi kueleza kwa nini. Ni unafiki kuiweka kwenye orodha? — Msomaji, Ngara

Si unafiki. Andika hivyohivyo: inanivuta, bado siielewi.

Huenda ugumu umetokana na ulikotokea. Aliyeanza na *Rosa Mistika* ya 1971 amezoea Kezilahabi anayesimulia kisa moja kwa moja, tukio likizaa tukio. *Nagona* ya 1990 haiendi hivyo. Kuna msafiri anayesimulia, kuna msako, na wakati hautiririki kama saa ya ukutani. Ukiuliza "kisha ikawaje?" kila ukurasa, utachoka mapema.

Jaribu tena hivi. Ni riwaya fupi, haifiki kurasa 100, kwa hiyo isome kwa kikao kimoja, Jumapili asubuhi, simu ikiwa chumba kingine. Ukiisoma vipandevipande kwenye matatu, picha zake hukatika kabla hazijaungana. Usisimame kwenye neno gumu, lizungushie penseli uendelee. Kurasa chache za mwanzo zisome kwa sauti, maana Kezilahabi alikuwa mshairi pia na mwendo wa sentensi zake unasikika kuliko unavyoonekana. Ukimaliza, orodhesha picha zilizorudi zaidi ya mara moja na kurasa zake. Pitia orodha hiyo kabla ya kutafuta uhakiki wowote, kwa sababu ukianza na maelezo ya mhakiki utaona alichokiona yeye tu.

Wiki inayofuata, kabla *Nagona* haijapoa, soma *Mzingile* ya 1991. Nayo ni fupi, na inaendeleza msako uleule. Baadhi ya picha ulizoorodhesha utakutana nazo humo tena, kwa hiyo daftari liwe wazi mbele yako.