Ripoti inatoka mchana, usiku inagoma: kuendesha R kwa cron

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Niko kwenye mradi wa mifugo hapa Dodoma, upande wa takwimu. Nina skripti ya R (lugha ya kompyuta ya takwimu) inayosoma bei za mnadani na kutoa jedwali la wiki. Kwenye RStudio inatoka vizuri. Nikiingia kwenye seva yetu ya Linux nikaandika `Rscript ripoti.R`, inatoka pia. Nimeiweka kwenye cron (programu ya Linux inayoendesha kazi kwa ratiba) iende kila Jumatatu saa kumi na moja alfajiri, na hii ni wiki ya tatu sioni faili wala ujumbe wa kosa. Halafu ningependa niitajie jina la mnada bila kuifungua skripti kila mara. Nakosea wapi?

Jibu: Nzuri, ndugu yangu. Kama skripti inakubali kwenye terminali, iache kwanza, usiiguse. Kilichobadilika ni anayeiita. Wewe ukiingia kwenye seva unaingia na vitu vyako: folda uliyosimama, njia za programu, lugha ya mfumo. Cron haina hata kimoja kati ya hivyo. Inaanzia kwenye folda ya nyumbani, na kwa kawaida inatafuta programu kwenye `/usr/bin` na `/bin` tu. Ikiwa fundi wenu aliisimika R kwenye `/usr/local/bin`, cron itakwambia Rscript haipo. Na itamwambia nani? Inajaribu kutuma barua ndani ya seva yenyewe, na seva nyingi hazina programu ya barua, basi ujumbe unatupwa. Ndiyo maana huoni kosa lolote.

Kwa hiyo anza kwa kulitafutia kosa mahali pa kuandikwa. Andika `which Rscript` upate njia kamili, kisha mstari wa cron uwe hivi:

`0 5 * * 1 cd /home/mifugo/ripoti && /usr/local/bin/Rscript ripoti.R Msalato >> ripoti.log 2>&1`

Ile `cd` inakupeleka kwenye folda yenye data, maana `read_csv("bei.csv")` inatafuta pale ulipo na si pale skripti ilipo. Ile `2>&1` ndiyo muhimu kuliko zote: R huandika makosa na maonyo kwenye mkondo wake wa pili, na bila alama hizo faili yako ya log (kumbukumbu) itabaki na matokeo tu huku kosa lenyewe likipotea. Ukitaka kuweka tarehe kwenye jina la log, andika `date +\%F`, yaani asilimia itanguliwe na mkwaju wa kinyume. Ndani ya cron alama ya asilimia ina maana ya mstari mpya. Mimi ilinilia asubuhi nzima.

Usisubiri Jumatatu kujaribu. Jivue mazingira yako uwe kama cron:

`cd ~ && env -i HOME=$HOME PATH=/usr/bin:/bin sh -c 'cd /home/mifugo/ripoti && /usr/local/bin/Rscript ripoti.R Msalato'`

Ikikataa hapo, kosa utaliona kwa macho. Likiwa ni `there is no package called`, angalia cron ni ya nani. Vifurushi (nyongeza za R) ulivyosimika kwa jina lako vimekaa kwenye folda yako ya nyumbani. Kazi ikiendeshwa kwa jina la root, yaani msimamizi mkuu wa seva, haivioni.

Sasa jina la mnada. Juu kabisa ya skripti weka:

```
hoja <- commandArgs(trailingOnly = TRUE)
if (length(hoja) != 1) stop("Taja mnada mmoja")
mnada <- hoja[1]
```

Bila `trailingOnly = TRUE` utapata pia maneno ambayo R inajiambia yenyewe wakati wa kuwaka. Kila kinachoingia kwa njia hii ni maandishi, hata ukiandika 2024, kwa hiyo namba ipitishe kwanza kwenye `as.integer`. Jina la maneno mawili lifunge kwa alama za nukuu: `Rscript ripoti.R "Pugu Kajiungeni"`. Na `stop` inafanya kazi mbili hapa: inaandika ujumbe, halafu Rscript inatoka na hali ya 1, yaani imeshindwa, ili amri iliyofungwa kwa `&&` baada yake, tuseme ya kumtumia bosi ripoti, isiendelee.

Utakutana na watu watakaokushauri `R CMD BATCH`. Ni njia ya zamani na inafanya kazi, lakini ina tabia moja ambayo siipendi. Ikianza hurudisha `.RData` iliyopo kwenye folda, yaani faili yenye data iliyobaki kwenye kumbukumbu ya R mara iliyopita, na ikimaliza huihifadhi upya. Ofisi moja niliyowahi kufanya kazi tulikuwa na skripti yenye `if (!exists("bei"))` kabla ya kusoma data, ili kuokoa muda. Kila wiki R ilikuta `bei` ya wiki ya kwanza imeshahifadhiwa, ikaridhika. Tulituma ripoti ileile kwa mwezi mzima, na aliyegundua ni mzee mmoja mnunuzi aliyeuliza kwa nini dume halipandi bei hata Idi inapokaribia. Rscript hairudishi `.RData`. Kaa nayo.

Michoro usiyoitajia faili utaikuta kwenye `Rplots.pdf`, na swali la `readline` halitamsubiri mtu, litarudi tupu.

Kwa kuwa unashughulika na mifugo, kuna dogo lingine. Kiswahili hakina herufi za kusumbua kompyuta, ila mtu akiandika ng'ombe kwenye Word, kile kiapostrofi kinapindwa. Cron kwa kawaida haina `LANG`, ile lugha ya mfumo, kwa hiyo jedwali lako linaweza kutoka na `ng<U+2019>ombe` mstari baada ya mstari. Weka `LANG=C.UTF-8` juu ya mistari ya cron.

Mwisho, andika `date` kwenye hiyo seva uone inafuata saa ya wapi. Seva nyingi za kukodi ziko UTC, saa ya kimataifa, na 5 ya UTC ni saa mbili asubuhi Dodoma. Ukitaka saa kumi na moja alfajiri ya kwenu, andika 2.